Vitabu Nilivyokusomea Kwanza

Nasra,

Salaam aleikum, mwanangu. Kama kuna kitabu mkononi mwako sasa hivi, kifunge kwanza. Weka kidole hapo ulipofika ukitaka, lakini kifunge.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kukuongelesha kumenishinda. Jana nilikaa mbele yako nikasema maneno mazito ya baba kwa binti yake anayeondoka, maneno niliyoyapanga njia nzima kutoka Garbatulla. Nikamaliza, nikangoja. Ukageuza ukurasa, ukasema, "Eeh, Aabo." Nikauliza, "Nimesema nini?" Ukajibu, "Umesema niwe na adabu." Sikuwa nimetaja adabu hata mara moja! Hapo nikaelewa kwamba mtu akitaka kusikilizwa na Nasra, lazima ajiweke kwenye karatasi.

Wewe na mama yako mmekwenda Chechelesi kuwaaga watu. Mimi nimekaa ndani ya lori hapa yadi ya Isiolo, karatasi nimeiegemeza kwenye usukani, na vumbi linaingia dirishani kama kawaida yake. Nikikosea maandishi, tafadhali usiyasahihishe kwa kalamu nyekundu kama ulivyofanya kwenye kadi ya harusi ya binamu yako.

Mambo ya sweta, mafuta ya kujipaka, kuamka mapema na kumsaidia shangazi yako, eddo Sofia, kuosha vyombo, mama yako ameyasema mpaka paka anayajua. Siyarudii. Lakini nimelifungua lile begi lako. Nilikuwa natafuta zile sweta alizozikunja mama yako kwa mikono yake. Nikakuta vitabu. Chini ya vitabu, vitabu. Sweta zilikuwa chini ya kitanda chako, nyuma ya viatu, mahali ulipodhani hakuna mtu atakayeinama. Unakwenda Nanyuki, Nasra. Kule mtu anavaa koti kwenda kununua maziwa. Nimezirudisha begini na sitasema zaidi.

Ninachotaka kukueleza ni jinsi vitabu vilivyoingia katika nyumba ya watu wanaobeba mbuzi kwa lori. Upande wako unaujua. Upande wangu hujawahi kuusikia, kwa sababu kila nikianza kuueleza, wewe uko sura ya saba.

Ulijua kusoma kabla sisi hatujajua kwamba unajua. Nilikuwa nimekuleta hapa hapa yadi, bado mdogo wa kubebwa mabegani, ukaanza kusoma kwa sauti kilichoandikwa nyuma ya kila lori. Ulisoma moja baada ya jingine, bila kuruka, mpaka dereva mmoja akachukua rangi akafuta maneno ya gari lake kwa aibu. Nikafurahi kama mtu aliyepata mtoto wa pili. Mimi shule niliiacha darasa la sita nikapanda lori na babu yako. Nyumbani kwetu kulikuwa na Msahafu na kile kitabu cha injini, basi. Nikasema, binti yangu atakuwa na vitabu vyake mwenyewe, vinene, vya sura nyingi, si vile vya picha vya kumaliza kabla chai haijapoa.

Basi nikiwa Meru, baada ya kushusha mzigo, nikaingia duka la vitabu na suruali yangu ya kazi. Nikaona kitabu chenye mbuzi mweupe juu yake. Mbuzi mzuri, ana kengele shingoni. Nikajiambia, mtoto wa mchukuzi wa mbuzi atakipenda hiki. Sikukifungua. Kwa nini nikifungue? Mbuzi alikuwa pale nje, anaonekana, ana afya.

Ulikisoma nyuma ya pipa la maji, siku nzima. Jioni ukatoka pale na uso ambao sijausahau. Sura ya tatu, yule mbuzi alichinjiwa wageni.

Na Idd ilikuwa imekaribia. Unakumbuka ulivyosimama mbele ya beberu wetu na mikono umeitandaza, mjomba wako ameshika kisu, watu wote wamenawa, na wewe unasema atakayemgusa akuguse wewe kwanza? Bibi yako, Ayeyo, akashika kichwa. "Wallahi," akasema, "mtoto wenu amerogwa na karatasi." Tulikula kwa mjomba wako mwaka ule, na wewe ukala wali mtupu ukitutazama sisi wote kama majambazi.

Mama yako aliniuliza, "Ulikisoma kabla ya kukinunua?"

"Nilitazama jalada."

"Kwenye jalada mbuzi alikuwa hai."

"Ndiyo maana nikakinunua!"

Mama yako amesoma mpaka kidato cha nne, angeweza kunisaidia tangu mwanzo, lakini alikuwa na nguo za watu za kushona na alikuwa na msimamo wake. Aliyeanzisha jambo la vitabu ni mimi, kwa hiyo mimi nilimalize. Nimekuwa nikilimaliza tangu siku hiyo.

Kitabu cha pili nilikipata kwa Mama Ekai, yule Mturkana anayeuza viatu vya mitumba sokoni. Vitabu huja ndani ya marobota ya viatu, sijui ni nani huvitia humo, na yeye huvipanga pembeni ya ndara. Safari hii nilikuwa mwerevu. Nilihakikisha hakuna mnyama. Kulikuwa na msichana anacheka, ameshika mwavuli. Nikaangalia na nyuma pia, msichana yule yule, bado anacheka.

Nasra, kati ya kazi zote zilizoko duniani, aliyeandika kile kitabu alimpa baba wa yule msichana lori. Angeweza kumfanya mwalimu. Angeweza kumpa duka. Akampa lori, akampeleka mlimani usiku, na kabla sura ya kwanza haijaisha, akampindua.

Hukulia. Ingekuwa afadhali ungelia. Ulianza kukaa langoni kila nikitoka. Nikienda Kinna kupeleka unga, nikirudi nakukuta pale pale, na sare ya shule, mwalimu ameshapiga simu. Halafu ikaja ile asubuhi ya ufunguo. Lori limejaa kondoo wa watu, jua limepanda, kondoo wanalia, wenye kondoo wanalia kuwashinda, na ufunguo haupo. Tulipekua nyumba nzima. Nililala kifudifudi chini ya gari na nguo safi. Mwishowe Ayeyo aliingiza mwiko kwenye ndoo ya unga uliokorogwa wa mikate ya anjera, mwiko ukagonga chuma.

Nilikuja kwako nimeshafungua mdomo kupiga kelele. Nilikuwa na kelele nyingi siku ile, nilikuwa nimeziweka akiba tangu ile Idd. Ukasema, kabla sijaanza, "Ukikaa nyumbani, lori haliwezi kupinduka."

Nikaenda kuosha ufunguo. Mpaka leo sijui zile kelele zilikwenda wapi.

Nilichofanya baadaye kilikuwa cha mtu aliyechoka. Nilikusanya vitabu vyote nikaviweka juu ya kabati, nikasema mpaka utakapokuwa mkubwa. Nikadhani nimemaliza kazi. Kumbe mtu kama wewe ukimnyima kitabu hakosi cha kusoma. Ulisoma gazeti lililofungiwa nyama, ukaniuliza mtu akikatwa panga anakufa baada ya muda gani. Ulisoma ile karatasi iliyo ndani ya pakiti ya dawa ya presha ya Ayeyo, ukamfuata nyuma siku mbili ukimwangalia ngozi, kwa sababu dawa imesema anaweza kupata upele, kizunguzungu na kuzimia. Ayeyo akaniita. "Mrudishie mtoto vitabu vyake," akasema, "kabla hajanizika." Nikapanda kiti nikavishusha.

Kitu kimoja kilikuwa kinanisumbua sana. Ayeyo huyo huyo kila jioni alikuwa anakusimulia hadithi za fisi. Na fisi wa Ayeyo si wa mchezo, wanakula watoto, wanatema kucha. Ulikuwa unacheka! Unaomba aongeze fisi mwingine. Nikakuuliza, kwa ukali kidogo, nakiri, "Mbuzi mmoja wa kwenye karatasi anakutoa machozi wiki nzima, na fisi amemla mtoto hapa hapa sebuleni unachekelea. Sasa nikueleweje?"

Ukanijibu kama mtu anayemweleza mtoto. "Ayeyo yupo, Aabo. Nikiogopa namwangalia usoni, naona anacheka. Kitabu hakina uso."

Nilikaa na maneno hayo njia nzima mpaka Garbatulla, na ile barabara unaijua, inampa mtu nafasi ya kufikiri. Nikaona kwamba siwezi kuzuia vitabu, na siwezi kuvipa uso. Ninachoweza ni kutangulia, kuingia kwenye kitabu kabla yako kama mtu anayeingia chumbani kuangalia kama kuna nge, halafu atoke aseme ingia.

Ndivyo nilivyoanza kusoma, mimi mzee wa lori, na kidole chini ya kila mstari. Vingine vilikuwa vya Kiswahili, vingine vya Kiingereza, na Kiingereza changu ni kile cha kuongea na askari wa barabarani. Nilisoma nikingoja mzigo. Nilisoma pale kwenye kizuizi wakati wengine wanakunywa chai. Guyo, rafiki yangu, Mborana mwenye lori la kijani, alikuwa anapita anagonga mlango wangu na kuuliza kwa sauti, yadi nzima isikie, "Baba Nasra, sungura ameamka?" Nilikitupia kichwa chake kitabu mara moja, halafu ikabidi nishuke nikakiokote, sikuwa nimekimaliza.

Na Mama Ekai akawa ananikimbia. Namuuliza, "Hiki kina kifo ndani?" Anasema, "Baba Nasra, mimi nauza viatu."

"Lakini umekiona."

"Nimekiona. Kilikuja na viatu. Viatu navijua, uliza viatu."

Niliposoma vya kutosha nikapata kimoja salama kabisa. Wanyama wadogo wanakaa msituni, wanaalikana chai. Sura kumi na mbili za chai. Hakuna anayeumwa, hakuna anayegombana, mvua ikinyesha wana mwavuli. Nilikuletea nikiwa najivuna. Kesho yake ukanirudishia.

"Aabo, hiki hakina kitu."

"Hakina nini?"

"Hakina kitu. Wanakunywa chai tu."

"Nasra! Si wewe hutaki kulia?"

"Sikusema sitaki kulia. Sitaki niachwe hapo nalia halafu kitabu kiishe. Mtu akipotea, nataka atafutwe. Hata wasipompata haraka, lakini wawe wanatafuta."

Sasa niambie, ningekwenda duka gani na maneno hayo? Nilikwenda nayo. Kijana wa duka pale Meru aliniuliza nataka kitabu gani, nikamwambia, "Kile ambacho mtu akipotea anatafutwa." Akaniangalia, akaangalia suruali yangu, akaniuliza taratibu kama nimempoteza mtu, kama nimeshapiga ripoti polisi. Nilitoka bila kitabu.

Lakini tangu hapo nilijua ninachotafuta, na nikaanza kukipata. Kimoja hapa, kimoja pale. Ukarudi kusoma vizuri, ukaacha kukaa langoni. Ukalala.

Halafu ikaja mvua ile kubwa.

Sijawahi kukueleza sawasawa kilichotokea, nilisema tu gari lilikwama. Nilikuwa natoka Garbatulla na lori tupu, peke yangu, taniboi wangu wa kunisaidia garini amelala na malaria. Nikafika kwenye ile laga, mto ambao mwaka mzima ni mchanga tu, nikakuta maji yanashuka. Sikuvuka. Nilirudi nyuma ningoje yapungue, na tairi la nyuma likazama ukingoni. Nikaweka jeki. Udongo chini ya jeki ukateleza kama sabuni, chuma kikanigonga mguu, nikasikia mfupa umekatika kabla sijasikia maumivu. Simu ilikuwa mfuko wa shati, ikaingia matopeni pamoja na mimi. Nilijivuta kwa mikono mpaka nikapanda ndani na kufunga mlango. Nikakaa pale. Giza likaingia, kukapambazuka, mvua bado. Hakuna gari lililopita, maana nani anapita njia ile maji yakiwa hivyo?

Niliogopa, Nasra. Niliswali nimekaa. Nilikufikiria wewe na yule baba wa kitabu cha mwavuli, nikasema, ya Rabi, lisije likawa lile lile. Na kulipokucha, kwa kuwa maumivu yalikuwa yanataka kunitia wazimu na sikuwa na kitu kingine cha kufanya, nikafungua kitabu kilichokuwa kwenye dashibodi kikingoja kukaguliwa. Kilikuwa cha bata aliyevunjika bawa. Ndiyo, hata mimi nilikiangalia vibaya. Lakini nilikisoma.

Huku nyumbani, haya nimeyapata kwa mama yako na kwa Guyo, wewe hujawahi kuyasema. Mama yako alikuwa anapiga simu huku na huku. Wewe ulitoka asubuhi umevaa sare kama unakwenda shule, ukaja hapa yadi, ukaenda moja kwa moja kwa Guyo akiwa na kikombe mkononi.

"Aabo hajarudi. Nani anaenda kumtafuta?"

"Ni mvua, mama. Laga zimejaa. Maji yakishuka atakuja."

"Sawa. Lakini nani anaenda?"

Akacheka. Akakwambia nenda shule. Ukakaa kwenye ngazi ya lori lake, ukafungua kitabu. Akaja tena, ukamuuliza bila kuinua kichwa, "Umeshaenda?" Wakaja madereva wengine, wakakubembeleza, mmoja akakuletea mandazi. "Nani anaenda?" Hukulia wala hukupiga kelele. Guyo anasema angejua la kufanya na mtoto anayelia. "Ningempa peremende," ananiambia. "Huyu wako alikuwa anageuza kurasa tu. Kila ukurasa ukigeuka naona aibu upya."

Alifika alasiri na lori na kamba na wanaume wawili. Alivuka kwa miguu, maji kiunoni, akafungua mlango wangu akinitukana kwa Kiborana na Kiswahili pamoja. "Binti yako amenitoa kwenye chai yangu! Amekaa kwenye ngazi yangu tangu asubuhi kama askari! Nikasema heri maji yanichukue kuliko niulizwe tena." Halafu akaona kitabu. "Na wewe umekaa huku unasoma habari za bata?"

Guyo anaapa kwamba nilimjibu, "Ngoja nimalize ukurasa." Mimi sikumbuki. Lakini mji mzima umeshasikia, na hata daktari aliyenifunga plasta aliniuliza bata anaendeleaje.

Ile miezi ya plasta mama yako anaiita miezi ya balaa, maana nilikuwa nalalamika kuhusu chai, kuhusu redio, kuhusu mto wa kichwa. Kwangu mimi ilikuwa kitu kingine. Ukitoka madrasa ulikuwa unakuja na kitabu unaniwekea mguu vizuri, unanisomea. Ukifika mahali pabaya ulikuwa unaniangalia usoni. Nilijua unatafuta nini. Nilijitahidi sana kuuweka uso sawa, na mara nyingi uliniponyoka, na ulipoona naanza kupangusa macho ulikuwa unanipigapiga plasta na kusema, "Bado sura mbili, Aabo, vumilia."

Kwa hiyo usishangae nilivyokuwa mgumu eddo Sofia alipokuja na habari zake za Nanyuki. Alikukuta unasoma kitabu kimoja kwa mara ya nne, akaangalia rafu yako, akasema, "Huyu ameimaliza Isiolo." Akaeleza kuhusu ile shule karibu na kwake, chumba kizima cha vitabu, kinafunguliwa mpaka jioni, na yeye nyumba yake ni tupu tangu watoto wake waolewe. Mama yako akakubali kabla chai haijamiminwa. Mimi nikakataa. Nilitoa sababu ya baridi, nikatoa sababu ya umbali, nikatoa sababu ya Ayeyo. Zilipoisha nikatoa ile ya kweli.

"Nani atakuwa anamsomea kwanza?"

"Ana miaka kumi na moja," mama yako akasema.

"Ndiyo maana!"

Akaniangalia vile anavyoangalia nguo iliyokatwa vibaya. "Unataka abaki kwa ajili ya vitabu vyake au kwa ajili ya vyako?"

Nikatoka nje kuangalia upepo wa tairi. Tairi hazikuwa na shida yoyote.

Basi unakwenda. Huko utapewa vitabu na wasichana wakubwa, chini ya dawati, vilivyochakaa pembe, na mimi sitakuwa nimevipitia. Nimekasirika kuhusu jambo hilo kwa muda mrefu na sasa nimechoka, kwa hiyo nitakuambia tu nilivyokuwa nafanya, ufanye utakavyo.

Jalada halisemi ukweli, hilo tumelipia wote wawili. Nilikuwa naangalia mwandishi anavyowatendea wanyonge ndani ya kitabu, yule mnyama, yule bibi, yule mtoto anayechekwa na wenzake. Akiwa anawaumiza lakini mwenyewe naye inamuuma, nilikuwa naendelea. Akiwa anawacheka, nakifunga, narudi kwa Mama Ekai. Nilikuwa pia nasoma ukurasa wa mwisho kabla ya wa kwanza. Najua unaona huo ni wizi. Mimi naona ni kuuliza hali ya barabara kabla ya kuondoa gari.

Na kitabu kikikuumiza, kifunge. Hakuna mwalimu atakayekupa alama kwa kuvumilia. Kifunge, nenda mahali palipo na mtu. Ningesema mwangalie eddo Sofia usoni, lakini dada yangu ana uso ambao haubadiliki hata paa likiungua, kwa hiyo nipigie mimi. Kama niko kwenye njia ya Merti na simu haishiki, mpigie Guyo. Atakutania kuhusu bata, halafu atakusikiliza.

Sikusema usome vya chai maisha yako yote. Kile cha mbuzi nilikisoma mwenyewe, chote, nikiwa na plasta, wewe ukiwa shule. Ni kitabu kizuri, Nasra. Kilikuwa kizuri siku zote. Aliyekiandika alimpenda yule mbuzi kuliko mimi nilivyowahi kumpenda mbuzi yeyote, na mimi nimebeba mbuzi wengi. Ni vile tu nilikupa mapema, bila kukaa karibu. Siku moja utakirudia ukimalize. Usiharakishe. Mimi nilikuwa na mvi tayari na bado nilihitaji leso.

Sasa jambo la mwisho, na hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu leo badala ya kulala.

Juzi Mama Ekai aliniita kutoka upande wa pili wa soko, akipunga kitabu juu kama mtu anayeita gari. "Baba Nasra! Hiki nimekikagua. Nimefungua mahali tatu, hakuna aliyekufa!" Ni kitabu cha mzee mmoja na punda wake. Punda amezeeka, magoti yanamsumbua, na mzee amekubali kwenda kumuuza mnadani kwa sababu jamaa zake wamemwambia ndivyo inavyofaa. Wanakwenda polepole. Punda anasimama kila mahali penye kivuli, mzee anamfokea, halafu anakaa naye kivulini. Nilitaka nikimalize kabla ya kukupa, kama kawaida. Lakini juzi nilikuwa na mzigo wa Kinna, jana Garbatulla, na wewe unajua mwendo wangu wa kusoma. Nimefika wanapolala kwa mara ya mwisho kabla ya mnada. Mzee hapati usingizi, anamsikia punda anatafuna nyasi gizani. Hapo ndipo nilipoishia. Na ukurasa wa mwisho nimeutafuta, wallahi, lakini kitabu kimekaa sana na viatu, karatasi za nyuma zimegandana, na nikizibandua kwa vidole hivi vyangu nitazichana. Wewe una vidole vyembamba. Utazifungua kwa mvuke wa sufuria, kidogo kidogo.

Nawaona mnakuja. Mama yako anakushika mkono wa nguo ili usigongwe na boda, kwa sababu unatembea huku unasoma. Hata leo, Nasra! Siku ya kuaga watu!

Naacha kuandika. Kitabu cha punda nimekitia begini, ndani ya ile sweta nene, ukitaka kitabu itabidi uivae au angalau uikunjue. Ni cha kwanza kukupa bila kujua kinaishaje.

Ukikimaliza nipigie. Usianze na salamu wala habari za shule, hizo atapewa mama yako. Niambie kama yule mzee alimuuza, au walirudi nyumbani pamoja. Na kama alimuuza, nidanganye kidogo kwanza, halafu uniambie ukweli polepole.

Aabo wako